Jina Moja, Yaliyomo Mbalimbali: Kichupa cha Sigara ya Kielektroniki

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Yafaa methali hiyo ikumbukwe na kila mzazi ambaye, anapofua nguo siku ya Jumamosi, hukuta katika mfuko wa suruali ya kijana wake kichupa chenye picha ya embe au ya nanasi. Kichupa hicho hunukia kama peremende. Si dawa ya kikohozi, wala si manukato. Ni kimiminika cha kutiwa katika sigara ya kielektroniki, yaani kile chombo kidogo chenye betri ambacho vijana huvuta na kutoa wingu jeupe kinywani.

Mzazi mwenye busara huuliza: mna nini humu? Swali ni jepesi, lakini jibu lake si moja. Kilichomo katika kichupa hutegemea nchi ambayo kilikusudiwa kuuzwa. Vichupa viwili vyaweza kuwa na jina moja, picha moja na ladha moja, kumbe kimoja kina nikotini karibu mara tatu ya mwenzake, kwa sababu tu kimoja kilitengenezwa kwa ajili ya maduka ya Marekani na kingine kwa ajili ya maduka ya Uingereza. Kwa familia ambazo hupokea bidhaa za ng'ambo kutoka kwa wasafiri, au kama zawadi ya mjomba aliyeko Ubelgiji na shangazi aliyeko Kanada, kulijua jambo hili ni sehemu ya kuilinda nyumba.

CHOMBO NA KAZI YAKE

Wazo la sigara isiyowashwa kwa moto si jipya. Mwaka 1963 Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, lakini haikupata soko. Aliyefanikiwa ni Hon Lik, mfamasia wa China, ambaye chombo chake cha mwaka 2003 ndicho kilichoenea duniani. Tangu hapo mji wa Shenzhen, kusini mwa China, umekuwa kitovu cha utengenezaji wa vyombo hivi.

Kazi yake ni rahisi kuieleza. Betri hutia joto katika uzi wa madini. Uzi hukipasha kimiminika. Nacho hugeuka mvuke wenye matone madogo mno, ambao mvutaji huuingiza mapafuni. Hakuna jani linaloungua, na kwa hiyo hakuna masizi ya lami kama yale ya sigara ya kawaida. Lakini kutokuwapo kwa moshi si hoja ya kusema kwamba kinachovutwa ni hewa safi.

Katika kimiminika hicho aghalabu huwamo vitu vinne. Cha kwanza ni propileni glikoli, majimaji yasiyo na rangi ambayo hutumika pia katika dawa za maji na katika vyakula. Cha pili ni gliserini, ambayo hutokana na mafuta ya mimea kama vile mawese, na ambayo akina mama wengi huijua kwa kujipaka ngozini. Cha tatu ni nikotini, ile sumu ya tumbaku ambayo humfanya mtu azoee hata asiweze kuacha. Cha nne ni viungo vya ladha, ambavyo vyaweza kuwa vichache au vikafikia kadhaa wa kadhaa katika kichupa kimoja.

Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Husema: ikiwa gliserini na vanila huliwa katika keki, zitadhuru nini zikivutwa? Yapasa ieleweke kwamba kula ni jambo moja na kuvuta ni jambo jingine. Chakula hupita tumboni, na ini hukichuja kabla hakijaenea mwilini. Mapafu hayana mlinzi wa namna hiyo. Kiingiacho humo hugusa nyama laini mara moja. Kiungo kilichokubaliwa kuwa salama katika chakula hakikupimwa kwa ajili ya mapafu.

NIKOTINI: NCHI NA VIPIMO VYAKE

Tofauti kubwa ya kwanza baina ya nchi na nchi ni kiasi cha nikotini. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 2014 juu ya sheria moja ya tumbaku, na kuanzia Mei 2016 sheria hiyo ikaanza kutumika. Iliamuru kwamba kimiminika kisizidi miligramu 20 za nikotini katika kila mililita moja. Kichupa cha kujazia kisizidi mililita 10. Na tangi la chombo chenyewe lisizidi mililita 2. Hoja iliyotolewa ni kwamba kiasi hicho humpa mvutaji nikotini inayolingana na ile ya sigara moja ya kawaida, kwa muda ule ule wa kuivuta. Uingereza, ingawa baadaye ilijitoa katika Umoja huo, imeendelea na vipimo hivyo hivyo.

Marekani haikuweka kikomo cha namna hiyo. Sigara ya JUUL, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 2015 na kupendwa mno na wanafunzi wa shule, ilikuwa na nikotini kiasi cha miligramu 59 katika kila mililita. Kibweta chake kimoja kilikuwa na mililita 0.7 tu, lakini humo mlikuwa na nikotini ya miligramu 41 hivi. Ilipoingia Uingereza mwaka 2018, chombo kilikuwa kile kile na jina lile lile, lakini sheria iliilazimu ishuke hadi miligramu 20 kwa mililita. Yaani kibweta cha ukubwa ule ule kilikuwa na miligramu 14. Israeli, katika mwaka huo huo wa 2018, ilipiga marufuku ile yenye nikotini inayozidi 20. Kanada nayo, ambayo hapo awali iliruhusu hadi miligramu 66, ilishuka hadi 20 mnamo Julai 2021.

Msomaji atajiuliza: mtu avutaje nikotini kali hivyo bila kukohoa? Jibu limo katika ufundi wa kemia. Nikotini ya kawaida, ikiwa nyingi, huwasha koo na mvutaji huikataa. Lakini ikichanganywa na asidi, kama vile asidi ya benzoiki, huwa chumvi ya nikotini, nayo hupita kooni kwa ulaini. Basi ule mwasho ambao zamani ulimfukuza mtoto katika sigara yake ya kwanza umeondolewa. Hilo ni jambo zito kwa mzazi kulitafakari.

Japani ilifuata njia nyingine kabisa. Huko nikotini ya kimiminika huhesabiwa kuwa dawa, na hakuna kimiminika cha namna hiyo kilichopewa kibali cha kuuzwa. Kwa hiyo vimiminika vya madukani huwa havina nikotini. Australia nayo imeziweka sigara hizi mikononi mwa wafamasia: tangu Julai 2024 haziuzwi katika maduka ya kawaida, bali katika maduka ya dawa peke yake.

LADHA NA HATARI ILIYOFICHIKA

Tofauti ya pili ni ladha, na hapa kuna kisa cha kufundisha. Mnamo mwaka 2000 madaktari wa jimbo la Missouri nchini Marekani waligundua ugonjwa mbaya wa mapafu miongoni mwa watu waliofanya kazi katika kiwanda cha bisi. Njia nyembamba za hewa zilipata makovu na kuziba, wala hazikurudi katika hali yake ya kwanza. Ilionekana kwamba wafanyakazi hao walikuwa wakivuta mvuke wa kiungo kiitwacho diasetili, ambacho hutiwa ili bisi iwe na ladha ya siagi. Waliokula bisi hawakudhurika. Waliovuta mvuke ndio walioumia.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki zilizouzwa Marekani, wakakuta diasetili katika 39 kati yake. Uingereza imeipiga marufuku diasetili katika vimiminika hivi. Australia ilikwenda mbele zaidi, ikaorodhesha vitu vinane visivyoruhusiwa, miongoni mwake diasetili na ndugu yake pentanidioni, pamoja na sinamaldehidi, ambayo hutoa ladha ya mdalasini, na benzaldehidi, ambayo hutoa harufu ya lozi. Hivyo basi, kichupa chenye ladha ya mdalasini ambacho chaweza kuwa halali katika duka la nchi moja, ni bidhaa iliyokatazwa katika nchi nyingine.

Nchi nyingine zimekata shauri kwa sababu ya watoto. Ufini tangu mwaka 2016 iliruhusu ladha ya tumbaku peke yake. Denmark mwaka 2022 ikaruhusu tumbaku na mentoli. Uholanzi ikabaki na tumbaku tu kuanzia Januari 2024. Hata China yenyewe, mama wa vyombo hivi, iliweka kanuni kali kwa watu wake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2022 haikuruhusiwa kuuza ndani ya nchi sigara za kielektroniki zenye ladha ya matunda au ya peremende. Nikotini isizidi miligramu 20 katika kila gramu. Na viungo vinavyoweza kutiwa vikaorodheshwa, jumla yake 101. Lakini zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje hufuata sheria za kule ziendako. Ndiyo kusema, ladha ya embe ambayo kijana wa Shenzhen hauziwi dukani kwake, kiwanda cha mji huo huo chaweza kuifunga katika makasha na kuipeleka ng'ambo. Kila nchi huletewa kile ambacho sheria yake imekikubali, au kile ambacho haikukikataza.

MAAFA YA MAREKANI YA MWAKA 2019

Katika majira ya joto ya mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana waliokuwa wakihema kwa shida, wenye homa na kutapika. Wengine walihitaji mashine za kuwasaidia kupumua. Hadi Februari 2020 wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 2,807, na waliofariki 68. Wataalamu walipochunguza majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta vitamini E aseteti kwa wagonjwa 48. Hayo ni mafuta ya vitamini, ambayo mtu huweza kuyameza au kujipaka bila madhara. Wachuuzi wa magendo waliyatumia kuzimua kimiminika chenye asili ya bangi, ili kionekane kizito na faida iongezeke.

Sheria ya Ulaya ilikwisha kukataza vitamini katika sigara za kielektroniki tangu mwaka 2016, na si hizo tu, bali pia kafeini na taurini. Sababu yake haikuwa kuogopa maafa hayo, ambayo hakuna aliyeyatabiri. Ilikuwa kwamba mnunuzi asije akadanganywa kuwa sigara humletea afya au nguvu. Haki yataka isemwe pia kwamba sehemu kubwa ya vimiminika vilivyowaumiza Wamarekani ilikuwa ya magendo, na magendo hayasomi sheria ya nchi yoyote. Funzo lake ni hili: kichupa kisicho na asili inayojulikana ni hatari kuliko kingine chochote, hata kama picha yake yapendeza.

USAFI WA MALIGHAFI

Tofauti ya tatu haionekani kwa macho, nayo ni usafi. Propileni glikoli na gliserini zisipokuwa za daraja la dawa, zaweza kuchanganyika na diethilini glikoli, sumu inayoharibu figo. Mwaka 2009 wachunguzi wa serikali ya Marekani walipima vibweta 18 vya sigara za kielektroniki, wakaikuta sumu hiyo katika kimoja. Jina la sumu hii si geni barani Afrika. Mnamo Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia, ambako watoto 66 walikuwa wamefariki. Dawa hizo zilikuwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli. Ikiwa dawa ya mtoto, ambayo hukaguliwa, yaweza kupenyezwa sumu, mtu atafakari juu ya kichupa kilichofika bila kukaguliwa na yeyote.

Katika Ulaya mtengenezaji hutakiwa kuiarifu serikali miezi sita kabla ya kuuza, na kutaja kila kilichomo. Kichupa hutakiwa kuwa na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, na kibandiko kinachoonya kwamba nikotini humfunga mtu asiweze kuiacha. Uganda, kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, ilichagua kuzipiga marufuku sigara hizi, na Ethiopia ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019. Marufuku ni ngao, lakini kila ngao ina upande wake wa nyuma. Penye marufuku hapana kipimo rasmi wala kibandiko kilichoandikwa kwa ajili ya wenyeji. Na kinachopenyezwa mipakani huwa ni cha soko la mbali, chenye maandishi ambayo mnunuzi huenda asiweze kuyasoma.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, kisomwe kibandiko. Panapoandikwa 20 mg/ml au asilimia 2, hicho ndicho kikomo cha Ulaya. Panapoandikwa asilimia 5, hiyo ni nikotini kali ya namna ya Marekani. Pasipoandikwa kitu, au panapoandikwa kwamba hakuna nikotini, mtu asiamini upesi. Uchunguzi uliofanywa Australia ulikuta nikotini katika baadhi ya vichupa vilivyodai kuwa havina.

Pili, kichupa kisiachwe mezani, kitandani wala katika mkoba ambao mtoto huufikia. Kijiko kimoja cha chai cha kimiminika kikali chaweza kuhatarisha maisha ya mtoto mdogo. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alifariki katika jimbo la New York kwa kunywa nikotini ya namna hii, na Januari 2016 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha vifuniko visivyofunguliwa na watoto. Sheria hiyo haikilindi kichupa kilichomiminwa katika chupa nyingine ya kawaida, jambo ambalo halipasi kufanywa kamwe.

Tatu, mtoto akinywa, asilazimishwe kutapika, wala asipewe maziwa au mafuta kwa kubahatisha. Apelekwe upesi katika kituo cha afya au hospitali, na kichupa chenyewe kichukuliwe ili mganga asome kilichomo na kiasi chake. Dalili zake ni kutapika, kutokwa na mate mengi, kubadilika rangi, jasho, kutetemeka, na hatimaye kifafa au kushindwa kupumua. Kimiminika kikimwagikia ngozi, nguo ivuliwe na mahali hapo paoshwe kwa maji mengi, kwa kuwa nikotini hupenya ngozini.

Nne, mama mjamzito na anayenyonyesha ajiepushe nacho, kwa maana nikotini humfikia mtoto tumboni na hudhuru ukuaji wake.

Tano, kijana asipigwe wala asiaibishwe mbele ya watu. Akalishwe, aulizwe amekipata wapi na amekivuta kwa muda gani. Aliyekwisha kuzoea nikotini huhitaji msaada, si fimbo. Nayo fimbo humfundisha kuficha tu.

Yako mabishano miongoni mwa wataalamu, na msomaji hana budi kuyajua. Waganga wa Uingereza husema kwamba mvutaji mzee wa sigara, aliyeshindwa kuacha, hupunguza madhara akihamia katika sigara ya kielektroniki iliyopimwa, ingawa kuacha yote ni bora zaidi. Lakini wanaosema hivyo huzungumzia kichupa cha nchi yao, kilichosajiliwa, chenye kikomo na kibandiko. Hawazungumzii kichupa kisichojulikana kilikotoka. Na kwa mtoto au kijana ambaye hakuvuta kamwe, hakuna mganga anayesema kwamba aanze.

Basi mzazi aliyekuta kichupa mfukoni asitosheke na jina wala picha ya embe. Aulize kilitengenezwa kwa ajili ya nani, kina kiasi gani, na kimepitia mikono ya nani hadi kufika nyumbani kwake. Akikosa majibu ya maswali hayo matatu, jibu moja limebaki: kisivutwe na yeyote, na kiwekwe mbali na watoto. Sumu haionjwi kwa ulimi.